Tangazo ni deni: mwongozo kamili wa habari za maktaba ndogo ya jamii

Maktaba ndogo haikosi habari. Inachokosa ni mtu wa kuziandika kabla hazijachacha. Katoni ya vitabu inafika Jumanne, inakaa chini ya kaunta mwezi mzima, na msomaji aliyekuwa akikiulizia kitabu kimojawapo ndani yake anakata tamaa na kuacha kuja. Hakuna aliyemficha. Hakuna aliyemwambia, basi.

Mwongozo huu ni wa yule aliyebebeshwa kazi ya kusema: mkutubi anayefanya kila kitu peke yake, mwanakamati, au kijana wa kujitolea aliyeambiwa "wewe unajua mambo ya simu, tushughulikie matangazo". Nitakupitisha kuanzia kukusanya habari hadi kuziweka kwenye kumbukumbu. Kabla hatujaanza, shika jambo moja. Wahenga walisema ahadi ni deni, na tangazo la maktaba ni ahadi iliyobandikwa ukutani. Ukiandika kwamba mlango utakuwa wazi saa 4, kuna mama atawavalisha watoto wawili viatu kwa sababu ya sentensi yako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii haihusu maneno matamu. Inahusu kuhakikisha deni linalipika.

Hatua ya 1: Weka daftari kaunta

Tafuta daftari la kawaida la mistari na kalamu iliyofungwa kamba. (Kalamu isiyo na kamba haimalizi wiki kwenye kaunta ya maktaba.) Juu ya jalada andika MATUKIO. Kila aliye zamu anaandika mistari miwili mitatu kabla ya kufunga: nini kimefika, nini kimeharibika, watu wameulizia nini, nani ameahidiwa nini. Tarehe iwekwe kila siku, hata siku ambayo jibu ni "hakuna".

Majina ya wasomaji yasiingie humo. Inatosha kuandika: "Ameulizia kitabu cha umeme wa jua, hatuna." Sentensi hiyo ikijirudia mara nne kwa mwezi umepata habari mbili kwa mpigo: moja ya kamati inayonunua vitabu, na nyingine ya wasomaji, siku kitabu kitakapofika.

Kisha tembeza masikio. Mlinzi ndiye anayejua ni wangapi walifika wakakuta kufuli, na walisema nini wakiondoka. Anayefagia anajua meza ipi hukusanya wanafunzi na kiti kipi kimelegea. Fungu la vitabu vilivyorudishwa leo litakuonyesha somo lililoteka mtaa bila mtu kutangaza: wiki moja ni ushonaji, wiki nyingine ni hesabu za mtihani. Mkutubi asiyeulizana na watu hawa huishia kuandika habari za vikao.

Hatua ya 2: Chuja

Kila habari iulize maswali mawili. Msomaji akisikia hili, atafanya nini? Na sisi, tunaweza kulitimiza?

"Kamati imekutana" haimfanyi msomaji afanye lolote. Lakini ndani ya kikao hicho huenda kamati iliamua kwamba kadi ya mtoto sasa inaazima vitabu vitatu badala ya viwili. Hiyo ndiyo habari. Kikao ni maganda yake.

Swali la pili huua matangazo mengi mazuri, na hufanya vyema kuyaua. Kabla ya kutangaza shughuli yoyote, hakikisha una mtu wa kuiendesha, mtu wa akiba endapo wa kwanza ataugua, nafasi ya kukaa watu, na ufunguo. Ufunguo nautaja peke yake kwa makusudi. Uliza waziwazi: siku hiyo, saa hiyo, ufunguo utakuwa mfukoni mwa nani? Ukijibiwa "utapatikana tu", usitangaze bado.

Kwa mpangilio wa uzito, mabadiliko ya saa za kufungua yanatangulia daima, hata kama mwezi huo umetembelewa na mgeni mkubwa. Yanafuata mambo yenye tarehe ya mwisho, kisha vitabu vipya, kisha yaliyokwisha kutendeka, kisha shukrani. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za kazi ya maktaba, na ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Mimi hupima nayo ubao wa matangazo. Nikisimama mbele yake kwa pumzi mbili bila kujua maktaba inafunga saa ngapi leo, ubao umeshindwa.

Hatua ya 3: Panga mwezi kwa kurudi nyuma

Chukua siku ya shughuli, hesabu kinyumenyume. Wiki tatu kabla, bango linapanda na habari inaingia kwenye jarida. Siku tatu kabla, meseji ya kukumbusha. Asubuhi ya siku yenyewe, ujumbe mfupi kundini na maandishi ya chaki mlangoni. Ukitangaza mapema zaidi ya hapo watu husahau. Ukichelewa, wanakuwa wameshapanga mengine.

Kwa jarida la kila mwezi, wiki ya kwanza kusanya, ya pili andika, ya tatu mpe mtu mwingine asome, ya nne chapa na usambaze. Mtu huyo wa kusoma asiwe mfanyakazi wa maktaba. Mpe msomaji wa kawaida, mwambie aeleze kwa sauti aliyoelewa. Asipoelewa, tatizo ni lako.

Mwaka nao una nguzo za kuegemea, ambazo hukuokoa miezi isiyo na jambo: Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, 21 Februari; Siku ya Ushairi Duniani, 21 Machi; Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, 2 Aprili, tarehe aliyozaliwa Hans Christian Andersen; Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, 23 Aprili, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1995; Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022; na Siku ya Kimataifa ya Kisomo, 8 Septemba. Usijaribu kuziadhimisha zote. Maktaba yenye watu wawili ikichagua mbili kwa mwaka na kuzifanya kwa heshima, inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Tarehe na saa, mahali panapoua matangazo

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungulia.

Katika maktaba moja niliyohudumu niliandika bango la saa ya hadithi kwa watoto. Maandishi makubwa, mchoro wa kobe akisoma, kila mtu akalisifu. Lilisema: "Njooni Jumamosi ijayo, saa 3." Jumamosi ya kwanza walikuja watoto, shughuli ikafanyika. Bango halikutolewa. Jumamosi ya pili wakaja wengine, kwa sababu kwa aliyelisoma Alhamisi, "ijayo" ilikuwa kesho kutwa. Ya tatu wakaja tena. Nilikuwa ndani nikipanga rafu, nikasikia sauti ndogo mlangoni ikimwambia mwenzake, "Wametudanganya." Hakukosea. Halafu kulikuwa na baba mmoja aliyefika saa 9 alasiri, akiapa kwamba saa 3 ndivyo ilivyoandikwa. Naye hakukosea: simu yake ilimwonyesha 3:00 na bango halikumwambia ni asubuhi.

Tangu siku hiyo sheria zangu ni hizi. Maneno "ijayo", "kesho", "wiki hii" na "hivi karibuni" hayakanyagi kwenye karatasi. Andika siku ya wiki, tarehe na mwezi, vyote vitatu, kwa sababu kimoja humsahihisha mwenzake: ukiandika Jumamosi na tarehe ikaangukia Ijumaa, msomaji ataligundua kosa kabla ya kufunga safari. Na wewe fungua kalenda uhakikishe, usikisie.

Saa iandikwe pamoja na sehemu ya siku, kila mara: saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 12 jioni. Kama wasomaji wako huweka vikumbusho kwenye simu, ongeza saa ya simu baada yake: "saa 3 asubuhi (simu: 9:00)". Inaonekana ni kurudia, lakini Kiswahili kinahesabu saa kuanzia mapambazuko na simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na msomaji wako anaishi kwenye saa zote mbili. Andika pia saa ya kumaliza. Mzazi anayemleta mtoto anataka kujua lini atamchukua kuliko anavyotaka kujua utasoma hadithi gani.

Shughuli za usiku ziandikwe kwa uangalifu zaidi. "Usiku wa Ijumaa" kwa mwingine ni ule wa kuamkia Ijumaa, kwa mwingine ni baada ya Ijumaa kuchwa. Andika "Ijumaa tarehe fulani, saa 1 jioni baada ya jua kutua", upumzike.

Hatua ya 5: Andika

Vitabu vipya vina mtego wao. Wengi hubandika orodha ya majina 40, herufi ndogo, mwandishi na mchapishaji, kisha wanashangaa hakuna aliyekuja. Orodha kamili iweke kwenye faili kaunta. Kwenye jarida chagua vitano, na kila kimoja kipe sentensi mbili. Sharti ni moja: uwe umekifungua. Usinakili maneno ya mgongoni mwa kitabu. Yale yaliandikwa kuuza.

Tuseme umepata kitabu cha ushonaji. Ungeweza kuandika: "Kitabu kizuri sana kinachofaa kwa wote." Hapo hujasema kitu. Sasa kifungue. "Kina mifano ya shati na sketi ya kuchora kwenye karatasi, hatua kwa hatua. Ukurasa wa mwisho umechanika, lakini vipimo vyote vimo." Fundi akisoma hayo anajua kama aje. Ule ukurasa uliochanika nao utaje bila aibu, kwa kuwa atakapoukuta bila kuambiwa ataona umemficha.

Malizia na mahali kilipo. Kama maktaba yako inatumia mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, ambao Melvil Dewey aliuchapisha mwaka 1876, namba pekee haimsaidii mgeni. Andika namba na alama ya macho: "646.4, rafu ya pili kutoka dirishani, usawa wa kifua". Fasihi ya Kiswahili huangukia 896.392, na lugha yenyewe 496.392, wapenzi wa riwaya wakiishaizoea namba ya kwanza hawatakuuliza tena.

Shughuli iliyopita ina adui mmoja: sentensi "hafla ilifana sana". Ifute popote uionapo. Badala yake toa idadi, kilichosomwa au kufanyika, jambo moja ulilolishuhudia kwa macho, na tarehe ya shughuli inayofuata. Mfano wa namna hii:

"Watoto 19 walisikiliza hadithi Jumamosi tarehe 14 Juni. Msomaji alipofika pale fisi anapodondokea kisimani, mtoto wa mstari wa mbele aliinuka akaenda kuchungulia nyuma ya kitabu kuona kisima. Viti havikutosha, wanne walikaa mkekani. Tutakutana tena Jumamosi 12 Julai, saa 4 asubuhi, na viti vitaongezwa."

Angalia sentensi ya mwisho. Viti vitaongezwa: deni jipya. Usiiandike kabla hujajua viti vinatoka wapi.

Habari mbaya ndiyo inayopima mwandishi. Paa linavuja, saa zinapunguzwa, mkutubi anahama, fedha za jarida la watoto zimekwisha. Kishawishi ni kuandika "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Msomaji hasikii sababu humo, anasikia mlango ukifungwa. Sema moja kwa moja kilichotokea, kuanzia lini, hadi lini (au lini utatoa taarifa tena kama mwisho haujulikani), na kile anachokitaka kujua kuliko vyote: vitabu nilivyo navyo nyumbani vitakuwaje? Kwa mfano: "Chumba cha watoto kimefungwa kuanzia Jumatatu 3 Februari kwa sababu paa linavuja. Vitabu vya watoto vimehamishiwa chumba cha magazeti na vinaazimwa kama kawaida. Chochote kilichotakiwa kurudi ndani ya Februari kitapokelewa hadi Ijumaa 14 Machi bila faini. Jumatatu 17 Februari tutabandika hapa taarifa mpya, hata kama ukarabati haujaanza." Hiyo "hata kama" ndiyo inayowatuliza watu.

Kuondoa vitabu chakavu rafuni nako kutangazwe kabla, wala kusifanywe kimyakimya jioni. Mtu akikuta vitabu kwenye gunia nyuma ya jengo ataamini maktaba inakufa. Eleza kwamba ni vilivyooza, vilivyopitwa na sheria au tiba mpya, na nakala za ziada, na useme vinaenda wapi.

Shukrani ziwe fupi na ziseme kitu kilichotolewa. "Asante kwa rafu mbili za mbao zilizo kona ya magazeti" inamfurahisha mtoaji kuliko aya nzima ya sifa. Muulize kwanza kama anataka kutajwa. Wapo wasiotaka.

Hatua ya 6: Picha, majina na siri za wasomaji

Kile mtu anachosoma ni siri yake na maktaba. Hakiingii kwenye jarida, hakitajwi kundini, hakisemwi kwa mzaha kaunta. Binti anayeazima kitabu kuhusu ugonjwa fulani, mwanamume anayeazima kitabu kuhusu talaka: ukiwafanya wahisi kwamba rejista ina mdomo, hawatarudi, na hawatakuambia kwa nini.

Kwa sababu hiyo hiyo, usibandike majina ya waliochelewesha vitabu. Najua inatia hasira, na najua kuna maktaba zinazofanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba mwenye kitabu anaona aibu kukirudisha, na umempoteza yeye pamoja na kitabu. Mwandikie yeye peke yake.

Mtoto aliyesoma vitabu vingi zaidi mwezi huu? Mpongeze, baada ya mzazi kukubali kwa maandishi, kwa jina la kwanza na umri tu. Usitaje shule na mtaa, usiorodheshe vitabu vyenyewe.

Picha za watoto zinahitaji ridhaa hiyo hiyo ya maandishi. Fomu iwe na maswali mawili tofauti: picha kwenye ubao wa ndani, na picha kwenye mtandao. Mzazi anaweza kukubali ya kwanza na kukataa ya pili, na hiyo ni haki yake. Ukiwa huna ridhaa, bado unaweza kupata picha nzuri. Simama nyuma ya watoto, upige migongo yao na uso wa msomaji aliyekubali. Au shuka chini upige mikono: kidole kidogo kikifuata mstari wa maandishi kinasimulia zaidi ya safu ya watu waliosimama wima kama wanasubiri hukumu.

Kuna na hakimiliki. Kupiga picha ya rafu yenye vitabu vipya kwa ajili ya taarifa mara nyingi hakuna ugomvi. Kuchapa shairi zima la mshairi aliye hai ili kujaza ukurasa ni jambo jingine; omba ruhusa. Mkataba wa Berne unalinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake na angalau miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi zimefika 70. Ukurasa ukibaki wazi, mwombe msomaji mmoja akuandikie mistari kumi kuhusu kitabu alichokipenda. Hapo yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kusema anachosoma.

Hatua ya 7: Tuma kwa njia zinazofika

Tangazo la IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotoka mara ya kwanza mwaka 1949 na kuandikwa upya mara ya mwisho mwaka 2022, linataka huduma ziwafikie wote kwa usawa. Kwa mtu wa matangazo maana yake ni hii: asiyekuwa na simu janja ni msomaji wako, asiyeona vizuri ni msomaji wako, na asiyejua kusoma kabisa ni msomaji wako wa kesho. Njia moja haiwafikii.

Karatasi bado ni mfalme. Chukua karatasi moja ya A4, ikunje katikati, unapata kurasa nne za A5, na hilo ndilo jarida lako. Ukurasa wa kwanza ubebe saa za kufungua juu kabisa na habari moja kubwa. Wa pili vitabu, wa tatu yaliyopita na yajayo, wa nne ratiba ya mwezi ambayo mtu anaweza kuikata na kuibandika ukutani kwake. Herufi zisipungue ukubwa wa 12. Toa pia nakala chache zenye herufi za 16 au 18 na uziweke mahali wazee wanapokaa, bila kuandika juu yake "za wazee".

Meseji za kawaida zina hesabu yake. Ujumbe mmoja unabeba alama 160, nafasi zikiwemo. Ukizidisha unagawanyika na kulipiwa kama ujumbe zaidi ya mmoja. Ukiweka kikaragosi kimoja tu cha kucheka, kikomo kinashuka hadi 70. Na kuna mtego ambao Kiswahili hasa kinatutegea: kile kialama cha juu kwenye "ng'ombe" au "ng'ara". Baadhi ya simu hukiandika kwa mkunjo badala ya kukinyoosha, na mkunjo huo unaweza kuushusha ujumbe mzima hadi 70 bila wewe kuona tofauti. Ukiona ujumbe mfupi unahesabiwa kuwa mbili, anza kumtafuta ng'ombe huyo. Huu hapa una alama 130:

"Maktaba: Jumamosi 14 Juni, saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana, hadithi kwa watoto wa miaka 5-9. Bure, bila kadi. Mzazi abaki jengoni."

Kundi la WhatsApp ni zuri mpaka lianze kupokea salamu za asubuhi na video za mazoezi. Liweke ili wasimamizi pekee watume, na maswali yaje pembeni. Ukituma bango kama picha, andika maneno yale yale chini yake kwa maandishi ya kawaida: simu inayomsomea asiyeona haiwezi kutegemewa kusoma maneno yaliyo ndani ya picha, na mwenye bando dogo huenda asiifungue kabisa.

Halafu mdomo. Chagua watu watano wanaokutana na watu wengi, wape karatasi mkononi, uwasomee. Nyumba za ibada, shule na vituo vya afya mara nyingi hukubali kutangaza kwa dakika moja, mradi uwape maandishi yanayosomeka kwa dakika moja. Yasome mwenyewe kwa sauti kwanza, saa mkononi.

Hatua ya 8: Daftari la pili, la kung'oa

Kila unapobandika au kutuma, andika: tangazo gani, liko wapi, linatoka lini, nani atalitoa. Safu nne tu. Watu hulidharau daftari hili hadi siku shughuli inapoahirishwa. Siku hiyo unalifungua, unaona bango lilikwenda sehemu sita, na unajua milango sita ya kugonga. Bila daftari utakumbuka minne, na watu wa ile miwili watafika wakute kufuli.

Ukiahirisha, usitoe bango ukaacha ukuta mtupu. Kata kwa mstari juu ya tarehe ya zamani, andika ILIAHIRISHWA na tarehe mpya, kwa wino wa rangi nyingine. Ukuta mtupu haumwambii kitu aliyeliona bango jana. Na siku yenyewe ya zamani, mtu mmoja akae mlangoni kwa nusu saa ya kwanza. Wawili watatu watakuja tu, na watahitaji uso wa mtu kuliko karatasi.

Ukikosea, sema "tulikosea" na useme nini. "Toleo lililopita liliandika kwamba tunafungua Jumapili. Hatufungui. Samahani kwa waliokuja." Inatosha, usimlaumu mchapaji.

Kila Ijumaa kabla ya kufunga, zunguka ubao ukiwa na kiondoa pini. Kila lililopitwa na tarehe linatoka, hata likiwa zuri, hata likiwa na kobe.

Hatua ya 9: Hesabu, kisha hifadhi

Mlangoni kwenye kila shughuli weka karatasi yenye mafungu: bango, jarida, meseji, kundi, nimeambiwa na mtu. Muulize kila anayeingia alisikia wapi, uchore kijiti. Baada ya shughuli tatu utajua wapi pa kuongeza nguvu na wapi pa kuacha kupoteza karatasi. Jiandae kuona fungu la "nimeambiwa na mtu" likiyapita mengine. Likishinda kwa mbali, wale watu watano wa hatua ya 7 wafanye kumi.

Mwisho wa mwezi chukua nakala mbili safi za jarida. Juu ya kila moja andika kwa penseli tarehe kamili na mwaka, kwa sababu toleo lenye "Juni" peke yake ni fumbo baada ya miaka mitatu. Moja iingie kwenye faili la ofisi pamoja na ile karatasi ya vijiti. Nyingine ipige muhuri wa maktaba, uipe namba 027.4, ambayo Dewey ameziwekea maktaba za umma, uiweke rafuni pamoja na vitabu vingine, mahali ambapo msomaji yeyote anaweza kuichukua na kuangalia kama yale mliyoahidi mwezi jana yalifanyika.